Tulishindwa Mbele ya Kufika Uwanjani



Tangu siku ya mechi hakuna habari nyingine katika dortwari, katika refektwari, hata kwenye mstari wa kuchota maji. Kila mtu anauliza namna gani timu yetu, iliyokuwa mbele goli moja kwa sifuri mpaka mapumziko, ilitoka uwanjani imepigwa nne kwa moja. Wengine wanasema mwamuzi alinunuliwa. Wengine, na ndio wengi, wanasema wandugu wa kwa mapadri walizika kitu nyuma ya goli tulilolinda kipindi cha pili. Sisi tulikuwa pale pembeni na saa mkononi, kwa sababu kazi ya kapita wa wanafunzi ni kuandika dakika za magoli katika kitabu cha michezo. Basi tufungue kitabu. Goli lao la kwanza, dakika ya 64. La pili, dakika ya 71. La tatu, dakika ya 80. La nne, dakika ya 86. Yote manne yaliingia katika dakika 22, na yote manne yaliingia namna moja: beki wetu aliona mpira unapita, akataka kukimbia, miguu ikakataa. Kama ni dawa iliyozikwa, ni dawa ya ajabu, yenye kungoja zaidi ya saa nzima mbele ya kuanza kazi.

Sisi tunaona sababu iko karibu zaidi. Ni haya kuisema, lakini tutaisema, na tunajua Bwana Prefe atasoma ukurasa huu mbele yenu.

Juma lile franga zilikusanywa. Kila mmoja alitoa franga 500, na waliotoa walikuwa 60. Franga 30.000 zilipelekwa ngʼambo ya mto kwa mzee mmoja anayesifiwa kuwa anafunga magoli ya watu. Mtasema: na makapita walikuwa wapi? Makapita walikuwa pale. Sisi pia tulitoa franga 500, hakuna aliyetulazimisha. Tuliogopa kuambiwa nyuma ya mechi kwamba timu ilishindwa juu ya uchoyo wetu. Asubuhi tunaimba katika ibada kwamba tunamtegemea Mungu, na jioni ileile mkono wetu ulitia feza katika kofia iliyopitishwa gizani. Kama kuna azabu, sisi tuanze.

Lakini sikilizeni masharti yaliyokuja pamoja na ile dawa, maana hapo ndipo mechi ilipotelea. Kwanza, tangu siku ya tano saa sita ya mchana, mchezaji asile kitu chenye chumvi. Pili, siku ya posho asinywe maji mpaka filimbi ilie. Tatu, asioge. Nne, asilale mpaka jogoo wa kwanza awike. Wachezaji wetu 11 wakatii kuliko wanavyotii kengele ya masomo. Bugali wa jioni walimwachia mbwa wa mlinzi. Wakakesha. Kesho yake wakacheza saa nane na nusu, jua kali, tumbo tupu na koo kavu. Kama tungaliomba mtu atufundishe namna ya kuharibu timu, asingalipata masharti bora kuliko hayo manne.

Tuanze na maji. Mtu anayekimbia juani anatoka jasho, na lile jasho linatoka katika damu yake. Maji yakipungua mwilini, moyo unapiga mbio zaidi kusudi ufikishe damu ileile kwenye misuli, na joto la mwili linapanda. Waganga wa michezo wamepima: mtu akipoteza maji kiasi cha sehemu 2 kwa 100 za uzito wake, nguvu ya kuvumilia inaanza kupunguka. Kwa kijana wa kilo 60 ni kama litre 1 na robo. Namba sita wetu alimaliza kiasi hicho, tunafikiri, hata mbele ya mapumziko. Sisi wenyewe tuliona chumvi nyeupe imekauka kwenye shingo yake. Kunywa maji si uvivu. Inafaa kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, na tena mapumziko. Anayetaka kujua kama amekunywa ya kutosha aangalie mkojo wake chooni: ukiwa na rangi ya chai, bado, ukiwa karibu na rangi ya maji, ni vizuri.

Mtasema maji ya mto yanaleta ugonjwa wa tumbo. Ni kweli, na tunawashukuru kwa kukumbusha. Kuni hazitoshi kuchemsha maji ya watu wote, tunajua shida ya mpishi. Lakini chupa safi ya plastike isiyo na rangi, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani saa sita nzima, jua linaua vijidudu vingi. Kama mbingu ina mawingu, iachwe siku mbili. Bati la dortwari ya wasichana linapata jua tangu asubuhi hadi jioni na halina kazi nyingine.

Sasa chakula. Bugali, ndizi, viazi na mihogo, mwili unavigeuza kuwa sukari, na sehemu ya ile sukari inawekwa akiba katika misuli na katika ini. Ile akiba ndiyo inayokimbia uwanjani. Mchezaji aliyekula vizuri jioni, na akala tena kama saa tatu mbele ya mechi, anaanza na gunia limejaa. Aliyefunga tangu siku ya tano anaanza na gunia nusu. Kipindi cha kwanza hakuna anayeona tofauti. Inaonekana nyuma ya saa moja. Rudini tena kwenye kitabu: dakika ya 64.

Kwa kujenga misuli yenyewe, hatuhitaji nyama ya kila siku, na ni vizuri kwa sababu hatuna. Tuna maharagi. Tuna karanga. Tuna sambaza za ziwa letu la Kivu, samaki wadogo ambao hawakuwa hapa zamani: walitolewa katika ziwa Tanganyika miaka ya 1950 mwishoni, wakazaana, na leo ndio wanaolisha mji na kijiji. Tuna soya, na uji wa mahindi, mtama na soya, ule wanaouita masoso, ambao mama zetu wanawapa watoto wadogo. Wavulana wa mwaka wa tano wanaucheka kwamba ni chakula cha watoto. Sisi tunawaambia: mtoto anakua kwa uji ule, na wewe unakonda kwa kicheko chako. Sombe na lengalenga ziliwe pamoja na mafuta mekundu ya mawese, yanayosaidia macho. Chumvi iwe ile yenye iode na iwekwe katika kopo lenye kifuniko. Wazee wa Idjwi wanakumbuka uvimbe wa shingo uliojaa katika kisiwa chao wakati iode ilipokosekana.

Neno dogo juu ya chai. Wengi wanapenda chai nzito papo hapo nyuma ya maharagi. Ile chai inazuia mwili kupata chuma kilicho katika maharagi na majani, na chuma ndicho kinachosaidia damu kubeba hewa. Afazali chungwa au marakuja, maana vinasaidia chuma kuingia. Chai ingoje saa moja. Wasichana, ambao wanapoteza damu kila mwezi, wasikie neno hili kuliko sisi.

Na mihogo, tusifanye haraka nayo. Mihogo michungu iko na sumu, na ni kuloweka siku tatu au zaidi na kuikausha vizuri kunakoiondoa. Katika Bandundu ya zamani, upande wa Kahemba, watu wengi walipata ugonjwa unaoitwa konzo: miguu inakufa ganzi na kukakamaa siku moja, na hairudi tena. Ulikuja watu walipofupisha siku za kuloweka. Wapishi wetu wanajua kazi yao, lakini wanafunzi wanaojipikia nyumba za kupanga, tumeona wanaloweka usiku mmoja.

Usingizi. Hapa tutagusa kanuni ya interna, na tunaomba rusa ya kusema kwa heshima. Kijana wa umri wetu anahitaji kulala saa 8 mpaka 10. Ni wakati wa usingizi mzito ndipo mwili unatengeneza misuli iliyochoka, na ni usingizini ndipo kichwa kinashika yale tuliyosoma mchana. Taa zetu zinazimwa saa tatu na nusu, kengele inalia saa kumi. Ni saa sita na nusu. Toa na saa moja kwa wale wenye simu chini ya blanketi, wanaotazama mechi za Ulaya. Wanabaki na tano na nusu. Nyuma ya hapo tunashangaa mwanafunzi akisinzia katika hesabu na winga akisinzia katika mstari wa pembeni. Tunamwomba Bwana Prefe kengele ilie saa kumi na moja na taa zizimwe saa tatu kamili. Ni saa nane. Sisi wa mwaka wa sita, tunaongojwa na Egzamina ya Serikali, ndio wa kwanza kupiga kelele kwamba usiku ni wa kusoma, na wengi watatukasirikia. Lakini tulipima sisi wenyewe mwezi mzima: ukurasa tunaosoma saa sita ya usiku, asubuhi tunausoma tena kama mgeni. Kwa simu, makapita watazikusanya saa tatu. Ya kwetu itakuwa ya kwanza katika kikapu.

Tufike kwa winga, aliyeanguka dakika ya 75. Hatutaandika jina lake, mnamjua. Katika kituo cha afya walimtoboa kidole, wakakuta malaria. Alikuwa na homa tangu siku ya tatu. Alificha, kwa sababu aliogopa mwingine avae namba yake. Usiku wa mechi tulimsikia anatetemeka, tukafikiri ni dawa ya mzee inafanya kazi. Hata mmoja wetu alisema: mnaona, imeshaingia. Tunaandika maneno haya na tunaona haya. Mtu mwenye malaria hachezi. Bandama yake inaweza kuwa imevimba, na teke moja la tumbo linaweza kuipasua ndani, na hapo si habari ya goli tena. Sasa yuko vizuri, anakula, anatucheka.

Mbu anayeleta malaria anauma usiku. Mustikeri tulizogawiwa ziko wapi? Tulihesabu siku ya yenga jioni: katika vitanda 48 vya dortwari ya kwanza, mustikeri 19 zimefungwa sawasawa. Nyingine zimekuwa mapazia, moja ni nyavu ya goli kule nyuma ya jiko, na mbili zilionekana ziwani zikivua sambaza. Anayesema joto linamzuia kulala ndani ya mustikeri aende kumuuliza winga kama homa ni baridi.

Na mikono. Mnakumbuka miaka ya Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020. Tulikuwa watoto wa masomo ya msingi. Ugonjwa ulikamata Kivu ya Kaskazini na Ituri, ukaua watu zaidi ya 2.200, na mwaka 2019 ulifika hata Mwenga kwetu Kivu ya Kusini. Kila mlango ulikuwa na ndoo yenye robine, kila mkono ulinuka klore. Hakuna aliyeingia darasani bila kunawa, hata pasta hakuingia kanisani bila kunawa. Ndoo zile zimekwenda wapi? Ebola ilipokwisha, tulifikiri uchafu pia umekwisha. Lakini kipindupindu hakikuondoka pembeni ya maziwa yetu, na kuhara kunachukua wachezaji wetu kila majira ya mvua. Karibu na vyoo vyetu leo hakuna ndoo wala sabuni. Mtu anatoka pale, anashika mkono wa rafiki, anakata bugali.

Tena vyooni humo wengi wanaingia miguu mitupu. Kuna mnyoo unaongojea katika udongo uliochafuliwa, unapenya ngozi ya mguu, unapanda mpaka tumboni na kunyonya damu pole pole. Mwenye mnyoo huyo anachoka bila kujua sababu, midomo inapauka, pumzi inakatika kwenye mlima mdogo. Wenzake wanasema amerogwa. Kandambili za mpira na dawa ya minyoo ya kituo cha afya zinatosha kumwondolea uchawi huo.

Wazee wetu hawachoki kuhadisia pigano la Kinshasa la tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alikuwa na miaka 25, Ali 32, na watu wengi walisema Foreman atamvunja. Wanapenda kuhadisia lile konde la raundi ya nane. Sisi tunapenda zaidi habari ya mbele: Ali aliyekuwa akikimbia asubuhi njia za Nʼsele juma kwa juma, kisha katika pigano akaegemea kamba, akamwacha mwenziwe apige mpaka mikono imekuwa mizito. Foreman hakukosa nguvu. Alimaliza pumzi, kule kwenye joto letu. Na pumzi hainunuliwi siku ya tano jioni.

Timu yetu inafanya mazoezi namna gani? Juma moja mbele ya mechi, kila siku, mpaka watu wanatapika. Kisha mwezi mzima hakuna. Mwili haujengwi hivyo. Nusu saa ya mbio, mara tatu kwa juma, tangu mwanzo wa mwaka wa masomo, inapita juma moja la mateso. Na mbele ya kupiga mpira, dakika kumi za kukimbia pole pole, kusudi misuli ipate joto. Mtu anayeruka kutoka kwenye benchi na kupiga teke la kwanza kwa nguvu zote ndiye yule anayechechemea jumatatu yake. Juu ya sigara na kasiksi nyuma ya ukuta wa bustani, hatuandiki mengi. Wahusika wanajijua, na sisi pia tunawajua. Vile vichupa vya kuongeza nguvu vinavyouzwa barabarani, vyenye kupigisha moyo mbio, si chakula. Vinakopesha usingizi wa usiku na kudai mchana.

Wakati wa makelele haya yote, watu wamesahau kwamba siku ileile timu ya wasichana ya volebali ilishinda seti tatu kwa moja. Hakuna aliyewapitishia kofia. Tuliwauliza kapiteni wao na wenzake walifanya nini. Wakatuambia: walikula bugali na maharagi siku ya tano, wakalala saa tatu kwa sababu walichoka kuchota maji ya dortwari mbili, yao na ya wavulana, wakaamka, wakanywa uji, wakacheza. Ile ya kuchota maji ya wavulana inatupasa kuizungumza siku nyingine, na si kwa furaha.

Basi haya ndiyo tumekubaliana na makapita wenzetu, na Bwana Prefe akitoa rusa tutaanza siku ya kwanza ya juma lijalo. Ndoo mbili zenye robine zimepatikana katika depo, moja imepasuka kidogo lakini inashika maji hadi nusu. Zitawekwa mbele ya vyoo, na kila dortwari itazijaza kwa zamu, wavulana kwa wasichana sawasawa. Kofia itapitishwa tena, mara hii mchana, katika uwanja wa bendera, franga 500 kwa anayeweza, kwa sabuni na kwa kandambili za wasio nazo. Hesabu itabandikwa mlangoni pa biro ya michezo. Mbio ni siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya tano, saa kumi ya alasiri, kutoka masomoni mpaka darajani na kurudi. Mechi ya kurudiana na wa kwa mapadri iko nyuma ya vakansi ya Pasaka, kwao. Anayeona tumesema uongo mahali fulani alete jibu lake kwa maandishi kwa kapita wa dortwari ya pili mbele ya siku ya tano, litapigwa chapa katika karatasi ijayo. Na winga anaomba tuandike kwamba namba yake ni saba bado.